Kulipia safari ya mlima mrefu: upi uanze nao

Ukiletewa bei, tazama kwanza utalala huko juu siku ngapi. Urefu wa kilele uje baadaye. Ukishapita mita 3,000, mwili unataka mahali pa kulala papande mita 300 hadi 500 tu kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Safari fupi huwa nafuu kwa kuwa imekata siku hizohizo. Milima ninayoipanga hapa haihitaji kamba.

Wa kwanza ni Meru, Tanzania (mita 4,566). Unalala kambi ya Miriakamba, mita 2,500 hivi, kisha kambi ya Saddle, mita 3,570, halafu usiku wa kilele unapanda karibu mita 1,000 gizani. Ni mtihani wa aina ileile utakaoukuta Kilimanjaro, ila pumzi haijabana kiasi kile. Njiani kuna miamba na mgongo mwembamba ambako mguu hujifunza kutulia, na hapo ndipo ujasiri unapozaliwa. Anayeogopa kimo ajue mapema. Askari wa hifadhi mwenye bunduki hufuatana nanyi kwa sababu ya nyati. Chukua siku nne hata ukiuziwa tatu, magoti yatakushukuru wakati wa kushuka.

Wa pili ni Point Lenana, Mlima Kenya (mita 4,985). Batian na Nelion, vilele viwili virefu zaidi vya mlima huo, waachie wakwea miamba; Lenana unafika kwa miguu. Nimeushusha kwa jambo moja: njia ya Sirimon inakutoa kambi ya Old Moses, mita 3,300, hadi kambi ya Shipton, mita 4,200, kwa siku moja. Lipia usiku wa ziada.

Toubkal, Morocco (mita 4,167), unamfaa mwenye siku mbili tu, tena kiangazi. Majira ya baridi kuna barafu, na utahitaji vyuma vya kufunga kwenye buti.

Kilimanjaro (mita 5,895) wengi huununua kwanza. Mimi nauweka mwisho. Karibu na kilele, kila pumzi inakupa kama nusu ya oksijeni ya pwani. Ukifika zamu yake, chagua njia ya Lemosho ya siku nane: unapanda hadi mwamba wa Lava Tower, mita 4,600 hivi, kisha unashuka kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000, ili mwili uzoee.

Kabla ya kulipa, uliza nani ana kauli ya mwisho ya kukurudisha ukianza kuyumba kama mlevi. Kuyumba huko ni dalili ya ubongo kuvimba, na unatakiwa kushuka saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Muuzaji akisita kujibu, tafuta mwingine.