Fundi wa Soni aliyeniuliza napita wapi kabla ya kuniuzia sproketi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu salama. Nimechelewa kuandika haya kwa makusudi. Seti ya cheni na sproketi (yale magurudumu ya meno yanayopitiwa na cheni, dogo mbele kwenye injini na kubwa kwenye tairi la nyuma) ninayoisifia hapa nilifungiwa mwezi wa tatu katika gereji moja ya pembeni mwa barabara pale Soni, na nilitaka masika yote yapite juu yake kwanza. Sasa yamepita, tuko mwezi wa kumi, na pikipiki haijaniangusha hata siku moja.

Kazi yangu ni uhimilishaji wa ng'ombe, yaani kuwapandikiza mbegu ya dume kwa mrija, huku milimani Usambara. Nyuma ya pikipiki nabeba kontena la naitrojeni ya maji, baridi yake nyuzi 196 chini ya sifuri, na mirija ya mbegu imezama humo. Lazima likae wima. Mama wa Lukozi akinipigia asubuhi kwamba ng'ombe wake amelia usiku kucha na anapanda wenzake, dalili kwamba yuko kwenye joto, yaani anataka dume, natakiwa niwe zizini kwake jioni ileile. Nikifika kesho yake mchana, wakati umepita, na huyo mama anasubiri siku nyingine 21 mpaka joto lirudi. Siku 21 za kulisha ng'ombe asiye na mimba si jambo dogo kwa mtu anayesomesha watoto kwa maziwa. Kwa hiyo nikisema mambo ya meno ya sproketi, sisemi mambo ya mapambo.

Pikipiki yangu ni ya sisi 125, niliinunua mkononi kwa mtu wa Korogwe. Yeye alikuwa mtu wa lami, na alikuwa amefunga meno 15 mbele na 40 nyuma. Kwenye barabara kuu ya Mombo ilikuwa raha tupu: injini inanguruma chini chini, unakata upepo, mafuta hayaishi. Shida ilianza nilipoipandisha kwenye kazi. Ukishaiacha lami ukaingia vinjia vya kwenda mazizini, gia ya kwanza ilikuwa na mbio kuliko njia yenyewe. Ukiachia klachi yote, unarukaruka juu ya mawe na kontena linapiga kelele nyuma. Ukipunguza mwendo, injini inakaba na kutaka kuzima. Nikawa napanda na klachi nusu, mkono umekakamaa, mpaka nasikia harufu ya klachi inaungua. Nilibadilisha sahani za klachi mara mbili katika mwaka mmoja, na kila fundi aliniambia nazitumia vibaya. Hakuna aliyeangalia cheni.

Halafu sproketi zikaisha, nikanunua seti nyingine katika duka la mjini ambalo sitalitaja. Muuzaji alitazama pikipiki, akachukua boksi rafuni, akasema hizi zote ni moja tu. Hesabu ileile, 15 na 40. Haikumaliza miezi mitatu. Nilikuwa kwenye mlima wa njia ya Bumbuli, mvua imetoka kunyesha, cheni ikaanza kuruka meno: kak, kak, kak, pikipiki haivuti, inarudi nyuma. Nililaza mguu kwenye udongo mwekundu nikalishikilia lile kontena kwa mkono mmoja mpaka vijana wawili waliokuwa na mizigo ya karoti wakaja kunisaidia. Halikumwagika, namshukuru Mungu. Lakini kwa yule ng'ombe sikufika.

Ndipo nikashushwa Soni, nikiwa nasukumwa.

Fundi ni mtu mzima. Nilimwamkia, akaitikia, akaitazama pikipiki kimya kwa muda, kisha akauliza, "Dokta, unapita wapi na hii?" Nikamwambia Lukozi, Mtae, Bumbuli, Mlalo, vijiji vya ndani kabisa. "Na lami unaikuta mara ngapi?" Nikasema nashuka Mombo mara moja kwa wiki, pengine nafika Korogwe. "Na huo mzigo una kilo ngapi?" Katika miaka yangu tisa ya kuendesha pikipiki sijawahi kuulizwa maswali hayo na mtu anayeuza spea. Sifa zote ninazompa zimeanzia hapo.

Baada ya hapo akachukua rula ya chuma, akaivuta cheni ikanyooka, akahesabu vipingili 20 na kupima kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Cheni yangu ni 428, na kwa namba hiyo pini hadi pini ni milimita 12.7, kwa hiyo vipingili 20 vya cheni mpya ni milimita 254. Akasema ikifika 259 itoe. Yangu ilisoma 261. Sproketi kubwa nayo aliigeuza nione: meno yote yamelala upande mmoja kama ndoano. Cheni ikishavutika haikai tena shimoni, inapanda juu ya jino na kulila, na jino likishalika linaila cheni mpya utakayofunga. Ndiyo maana hakukubali kuniuzia sproketi peke yake wala cheni peke yake. Nilijaribu kumbembeleza maana mfukoni hapakuwa pazuri, akakataa, na nashukuru alikataa.

Kisha ikaja tupa, na sehemu hii nawaomba muisome polepole, kwa sababu mnaweza kuifanya wenyewe dukani. Alichukua tupa ndogo akaipitisha kwenye jino la ile sproketi yangu ya miezi mitatu. Ikauma, na unga wa chuma ukabaki kwenye tupa. Akachukua sproketi aliyokuwa anataka kuniuzia, akapitisha tupa ileile kwa nguvu ileile. Ikateleza kama inapita juu ya kioo, jino likabaki na mng'aro tu. "Hii imechomwa, ile haijachomwa," akasema. Yaani meno ya ile nzuri yamepashwa moto yakawa magumu kiwandani. Boksi zote mbili ukiziweka mezani zinafanana, hata picha ya juu inafanana. Muuzaji akikuzuia kugusa jino moja kwa tupa, mwachie boksi lake.

Hesabu ya meno alinifanyia juu ya kipande cha katoni. Gawanya meno ya nyuma kwa ya mbele. 40 kwa 15 ni 2.67: sproketi ndogo inazunguka mara 2.67 ndipo tairi lizunguke mara moja. Namba ikipanda, pikipiki inavuta zaidi na kukimbia kidogo. Ikishuka, inakimbia zaidi na kuvuta kidogo. Hakuna namba inayokupa vyote viwili, kwa sababu injini ni ileile. Halafu akanieleza kitu ambacho vijana wengi wa bodaboda wanakijua kwa kusikia tu: kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Kutoka 15 kwenda 14 mbele, na 40 ya nyuma, unapata 2.86, na ukitaka kufika hapo kwa kugusa ya nyuma peke yake itabidi ufunge 43.

Mimi nikaona basi rahisi, tufunge 13 mbele, ni bei ndogo na kazi ndogo. Akatikisa kichwa. Sproketi ndogo sana inaikunja cheni kwa duara la kubana, kila kipingili kinajipinda zaidi kila mzunguko, cheni inaisha mapema. Na kwenye pikipiki kama yangu cheni inashuka na kuanza kusugua ile raba iliyo juu ya mkono wa nyuma, pale karibu na injini. Akanionyesha raba yangu, tayari ilikuwa na mfereji. Tukakubaliana 14 mbele na 45 nyuma. Hiyo ni 3.21. Ukilinganisha na ya mwanzo, nguvu inayofika kwenye tairi imeongezeka kama asilimia 20, na mwendo kwa mzunguko uleule wa injini umepungua kama asilimia 17. Pale injini ilipokuwa inanipeleka kilomita 70 kwa saa, sasa inanipeleka 58.

Kazi yenyewe niliitazama yote, nimekaa kwenye tairi bovu na kikombe cha chai. Kabla hajafungua cheni alilegeza kwanza boliti za sproketi ndogo, pikipiki ikiwa kwenye gia na mimi nimekanyaga breki ya nyuma. Ukishaitoa cheni huna cha kuzuia ile sproketi isizunguke, na hapo ndipo mafundi wengine wanaanza kupiga patasi. Nyuma ya kava palikuwa na tope lililochanganyika na grisi, gumu kama gundi, akalikwangua lote kwa bisibisi na kuosha kwa dizeli. Akatazama kama oili inavuja kwenye sili ya shafti. Haikuvuja. Kwenye tairi la nyuma alikunjua masikio ya zile washa za kufunga, akatoa nati nne, akaingiza kidole kwenye raba za havu, zile za kupunguza mshtuko katikati ya tairi. Mbili zilikuwa zimepasuka. Hakuwa nazo, na hilo ni lalamiko langu la kwanza: kijana alitumwa Lushoto kuzitafuta na ikachukua saa mbili na nusu.

Cheni ya zamani ilikuwa na vipingili 116. Mpya aliikata kwenye 118, maana tumeongeza meno matano nyuma na kupunguza moja mbele, jumla yameongezeka manne, na kila meno mawili yanadai kipingili kimoja. Klipu ya kufungia aliivalisha upande wake uliofungika ukitazama mwendo wa cheni, ule wazi ukifuata nyuma. Ukiigeuza, jiwe au kijiti kinaweza kuing'oa, na cheni inakatika ukiwa mlimani. Mpangilio wa tairi hakuamini alama zilizochorwa kwenye mkono wa nyuma. Alipiga magoti nyuma akachungulia kwa jicho moja kufuata cheni mpaka mbele. Ulegevu aliupima mimi nikiwa nimekalia, akizungusha tairi kutafuta mahali cheni inapokaza zaidi, na hapo akaacha kama sentimita tatu. Nilitaka ikazwe zaidi, nilidhani ndiyo uimara. Akaniambia cheni iliyokazwa sana inaua beringi ya giaboksi, na tairi la nyuma likiingia shimoni cheni inahitaji nafasi.

Nililipa 38,000 ya seti, 6,000 ya raba, na 10,000 ya ufundi.

Safari ya kwanza nilipanda Magamba kwenda Lukozi kulipobaki utelezi wa juzi. Kwenye kile kipande cha msitu, ambapo zamani nilikuwa nashikilia klachi mpaka vidole vinakufa ganzi, niliweka gia ya kwanza, nikaachia klachi yote, na pikipiki ikapanda polepole kama mtu anayehesabu hatua. Haikukaba. Haikuruka. Kontena lilikaa kimya. Gia ya pili, ambayo huku juu sikuwa naitumia kabisa, sasa ndiyo ninayotembelea zaidi. Sahani za klachi sijazibadilisha tangu hapo.

Lami inadai haki yake, nisiwafiche. Kushuka Soni hadi Mombo hakuna tofauti, zile kona hazimruhusu mtu kukimbia. Tofauti utaisikia ukishaingia barabara kuu. Ukifika kilomita 65 injini inalia, mikono inakufa ganzi kwa mtetemo, na mabasi yanakupita kama umesimama. Mafuta nayo: lita moja ilikuwa inanifikisha kilomita 42 kwenye lami, sasa napata 37 hivi. Huku vijijini lakini nimeokoa, kwa sababu sichomi tena klachi na petroli kwa pamoja. Mtu anayefanya kazi ya abiria Mombo na Korogwe akiniiga atajuta. Yeye abaki na 15 na 40 yake, au hata 42 nyuma kama anabeba watu wawili. Spidomita yangu haikudanganywa, kwa kuwa inaendeshwa na tairi la mbele. Kama ya kwako inachukua mwendo kutoka kwenye injini, namba zake zitabadilika, kwa hiyo angalia kwanza.

Malalamiko mengine: hana mahali pa kukaa mteja mvua ikinyesha, hana cheni zile za oringi (zenye vipete vya mpira vinavyozuia grisi isitoke kwenye pini) kwa anayezitaka, na ukienda siku ya gulio utasubiri mpaka jua lizame. Pia alinipaka oili chafu ya injini kwenye cheni mpya siku ile ya kwanza. Oili ile inashika mchanga, na mchanga ndiyo tupa ya cheni. Nilimwambia kwa heshima, akacheka akasema huku wote wanapaka hiyo. Mimi natumia oili safi ya gia, naifuta cheni kwa kitambaa kila Jumapili, na wiki iliyopita vipingili 20 vilisoma milimita 255.

Kabla sijaondoka alinipa sproketi ndogo ya meno 15, nyingine mpya, kwa 7,000. Ninayo kwenye boksi la spana. Nikijua kesho ni Korogwe, jioni nalegeza tairi la nyuma, nafungua boliti mbili, naivalisha. Cheni ni ileile, ekseli inasogea mbele kama milimita tatu tu, dakika 20 nimemaliza, na namba inakuwa 3 kamili. Mwanangu wa darasa la sita ndiye ananishikia tochi na kunikanyagia breki.

Kumpata fundi: ukitokea Mombo, ukishafika Soni uliza gereji ya yule mzee mwenye rula. Nenda asubuhi, na ukiulizwa unapita wapi, mtajie njia zako zote.