Uzoefu wangu: pikapu ya otomatiki iliyokuwa ikishtua gia asubuhi za baridi

Kwa miaka minne sasa nakusanya maziwa katika vijiji vya pembezoni mwa mji wa Njombe kwa pikapu ya dizeli yenye giaboksi ya otomatiki ya gia 6. Kazi huanza saa kumi na moja alfajiri, na anayeufahamu mji huu ulio takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hahitaji kuelezwa baridi yake ya Juni na Julai. Ninachoandika hapa ni tathmini ya huduma moja, nayo ni kubadilisha oili ya giaboksi na kupima kiwango chake kwa kufuata joto la oili yenyewe. Huduma hiyo ilimaliza tatizo ambalo nilikwisha kuambiwa kwamba lingenigharimu giaboksi nzima.

Tatizo lilikuwa hivi. Gari likilala nje usiku kucha, asubuhi nikiliwasha na kutia D (gia ya kwenda mbele), halikusogea mara moja. Lilikaa kimya kwa sekunde mbili au tatu, kisha gia ikaingia kwa kishindo kilichogonganisha madumu ya maziwa huko nyuma. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu injini ilipanda mzunguko bila mwendo kuongezeka, halafu gari likashtuka kana kwamba limepigwa teke. Baada ya dakika kama 20 za mwendo, kila kitu kilikaa sawa, na mtu ambaye angeliendesha mchana angeapa kwamba halina kasoro yoyote. Kwa kazi yangu hali hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nasimama kila baada ya kilomita moja au mbili kupokea maziwa, na giaboksi haipati nafasi ya kupata joto upesi.

Gereji ya kwanza niliyoiendea sitaitaja. Mchana wa jua kali fundi alilizungusha gari mtaani, hakusikia kitu, akahitimisha kwamba klachi za ndani zimekwisha na kwamba niagize giaboksi iliyotumika kutoka Dar es Salaam kwa shilingi 3,500,000. Mwingine aliniuzia chupa ya dawa ya kuchanganya na oili. Niliitia, na baada ya wiki mbili sikuona tofauti yoyote.

Gereji ya tatu, iliyo hapa hapa mjini, ndiyo ninayoisifu. Fundi wake, kijana mpole anayeanza kila neno na "shikamoo mama", hakugusa gari siku ile nilipolipeleka. Aliniuliza maswali mawili tu: kishindo hutokea saa ngapi, na mara ya mwisho giaboksi iliguswa lini. Nilipomjibu kwamba ilifanyiwa matengenezo miezi mitatu kabla, kwa sababu sili yake ilikuwa ikivuja, alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwachie gari lilale kwake usiku kucha na mimi nije saa kumi na mbili asubuhi. Maziwa ya siku hiyo niliyabeba kwa gari la kukodi, gharama ambayo naihesabu pia.

Asubuhi aliunganisha mashine ya kupimia kabla hata ya kuwasha injini, akanionyesha joto la oili ya giaboksi kwenye kioo: nyuzi 8. Hakukuwa na msimbo wowote wa hitilafu. Akawasha, akatia D mbele yangu, na kishindo kikatokea kama kawaida. Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Giaboksi ya otomatiki haishiki gia kwa mkono wa mtu. Pampu iliyo ndani yake husukuma oili kupitia valvu na solenoidi (vifaa vya umeme vinavyofungua na kufunga njia za oili), na presha ya oili hiyo ndiyo inayobana klachi. Oili ikiwa ya baridi huwa nzito. Hata ikiwa na joto la nyuzi 40 huwa nzito karibu mara tano kuliko ikiwa na nyuzi 100, sembuse nyuzi 8. Pamoja na kuwa nzito, oili hupungua ujazo inapopoa. Lita 10 zikipoa kutoka nyuzi 90 hadi nyuzi 10 hupungua kwa zaidi ya nusu lita. Kwa hiyo giaboksi yenye upungufu mdogo wa oili inaweza kufanya kazi vizuri ikiwa moto, lakini asubuhi pampu ikavuta hewa pamoja na oili, presha ikachelewa, na klachi zikabana kwa ghafla.

Giaboksi yangu haina kijiti cha kupimia. Ina nati chini ya sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, na kiwango hupimwa injini ikiwa inawaka, gari likiwa limenyooka sawasawa, na oili ikiwa na joto la takriban nyuzi 40. Nati ikifunguliwa, oili inayozidi hutiririka, na ikibaki kudondoka matone membamba ndipo inapofungwa. Fundi alisubiri joto lifike nyuzi 40, akafungua nati, na halikutoka hata tone moja. Akaanza kuongeza kwa pampu ya mkono, na hadi matone yalipoanza kuonekana alikuwa ametia karibu lita nzima.

Nilikumbuka mara moja kilichotokea miezi mitatu kabla. Siku ile nilitoka Makambako moja kwa moja, mwendo wa kilomita 60 hivi nikiwa na mzigo, nikaliingiza gari kwenye shimo la gereji iliyobadilisha sili. Walifungua nati ile ile oili ikiwa ya moto sana, ikatiririka kwa sababu ilikuwa imetanuka, wakaiacha imwagike mpaka ilipokoma, wakafunga, wakaniambia kiwango kimekaa sawa.

Kwa kuwa oili iliyobaki ilikuwa nyeusi kama kahawa, nilikubali ibadilishwe. Sumaku za ndani ya sampo zilikuwa na unga laini wa chuma, jambo la kawaida. Vipande vya chuma havikuwapo, nami nikapumua. Kila inapomwagwa hutoka lita 4 tu kati ya 9, kwa sababu iliyobaki hukaa ndani ya toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) na kwenye njia nyembamba za valvu. Alimwaga mara mbili, siku mbili tofauti, na bado takriban theluthi moja ya oili ya zamani imebaki humo. Hilo alinieleza wazi kabla sijalipa. Oili aliyotumia ni ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Alikataa kabisa ile nyekundu ya bei nafuu inayouzwa kwa jina la haidroliki, akisema kwamba rangi haimwambii mtu uzito wake wala jinsi klachi zitakavyoipokea. Mwishoni alifuta kumbukumbu ya kompyuta ya giaboksi, ambayo kwa miezi mitatu ilikuwa imejifunza kubadilisha gia kwa oili pungufu, akaniagiza nikanyage mafuta polepole kwa siku chache ili ijifunze upya.

Nililipa shilingi 240,000 kwa lita 8 za oili, 110,000 kwa filta na gasketi, na 90,000 za ufundi, jumla 440,000. Ucheleweshaji wa gereji hiyo nao niliuona: oili haikuwapo dukani kwao, nikangoja siku mbili iletwe kutoka Mbeya. Risiti nayo ilikuwa na jumla tu, na ilinibidi nimsihi fundi aandike aina ya oili na tarehe. Kwa gari linalotegemewa kuleta ugali nyumbani, siku hizo mbili si ndogo.

Sasa ni wiki ya saba. Siku tatu za mwanzo gia ya tatu bado iliingia kwa mshtuko mdogo, kisha ukaisha. Kilichobaki ni mshtuko mdogo ninapotia R (gia ya kurudi nyuma) mara tu baada ya kuwasha, kwa kuwa injini ya baridi huzunguka karibu mara 1,200 kwa dakika badala ya 800. Nikisubiri mshale wa mzunguko ushuke, mshtuko huo haupo. Vilevile gari hukawia kupanda gia ya juu katika kilomita za mwanzo, na fundi alisema hiyo ni hulka yake ya kujipasha joto, nisiipeleke gereji. Jana alfajiri kioo cha gari kilikuwa na barafu nyembamba, nikatia D, gari likaondoka, na madumu hayakugongana.