Milango ya kuzuia moto: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Ukijenga ghorofa Dar es Salaam, utakutana na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililopewa na sheria ya mwaka 2007 mamlaka ya kukagua usalama wa majengo. Mchoraji wako naye ataandika FD30, FD60 au EI 60 kando ya kila mlango. FD ni kifupi cha Kiingereza cha mlango wa moto. Namba hizo ni dakika za kuhimili moto. E maana yake miale ya moto haipenyi. I maana yake upande wa pili haupati joto kali. Ukiandikiwa EI ukauziwa E peke yake, umepunjwa, na atakayelipa ni mpangaji anayekimbia na mtoto mgongoni.

Muuzaji umuulize cheti kabla ya bei. Kitaje kiwango cha majaribio ya moto, yaani BS 476 sehemu ya 22 cha Uingereza au EN 1634-1 cha Ulaya, na kihusu mlango unaouona, kwa ukubwa wake. Tanuruni hujaribiwa ubao, fremu, bawaba na kitasa kwa pamoja. Ukibadilisha kimoja kiholela, cheti hakikulindi tena. Baada ya moto wa Grenfell Tower, London, uliowaua watu 72 mwaka 2017, mlango mmoja wa jengo lile ulijaribiwa. Ulitakiwa kuhimili dakika 30. Ulihimili kama 15.

Kwa mlango wa kuingilia kila nyumba, naupa nafasi ya kwanza mlango wa mbao wa dakika 30 unaouzwa kama seti kamili, wenye mkanda unaovimba kwa joto na kuziba upenyo, pamoja na brashi ya kuzuia moshi. Usiidharau brashi hiyo: moshi huua watu ambao moto haujawafikia. Pwani, chagua uliofunikwa vizuri kingo zote, maana unyevu huvimbisha mbao na mchwa hawabagui.

Wa pili ni wa chuma, dakika 60 au zaidi, wenye pamba ya mawe ndani, yaani nyuzi za mwamba zisizoungua. Kwa chumba cha jenereta au cha umeme ndio ningeuweka mbele ya wote. Ulio mtupu ndani unaweza kuzuia miale huku ukipitisha joto, kwa hiyo tazama ile herufi I. Karibu na bahari, bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Wa kioo maalumu unafaa korido zinazohitaji mwanga, lakini ni ghali. Fedha hiyo heri iende kwenye milango ya ngazi.

Wa mwisho ni mlango wa mninga wa fundi wa mtaani. Ni mzuri, mzito, na mbao ngumu huungua taratibu. Ila paneli zake huchongwa nyembamba, na moto hupenya hapo hapo. Bila jaribio, hakuna dakika za kuahidi. Nao ukiongezewa grili na kufuli kwa nje, walio ndani wamefungiwa.

Siku ya makabidhiano, pima nafasi kati ya ubao na fremu: milimita 2 hadi 4 pembeni na juu, isipokuwa cheti kiseme vingine. Kisha fungua kila mlango kidogo na uuachie. Usiojifunga wenyewe hadi kitasa kikashika, usiupokee.