Pakiti za mbegu za maua mafupi ya prairi: lebo ina ukweli kuliko picha

Wenye bustani ndogo katika majimbo ya Marekani ya Illinois, Iowa, Wisconsin na Minnesota huuziwa pakiti za aina mbili zinazofanana kwa sura. Moja imeandikwa "maua ya porini" tu, basi. Nyingine ni mchanganyiko wa maua mafupi ya prairi (mbuga za nyasi za katikati ya Amerika Kaskazini) kwa udongo mkavu, na huuzwa na vitalu vinavyoshughulika na mimea ya asili. Ile ya kwanza iache dukani. Mara nyingi ina Centaurea cyanus na Papaver rhoeas, maua ya Ulaya yanayopendeza msimu mmoja kisha yakatokomea, na wakati mwingine Hesperis matronalis, ambayo baadhi ya majimbo yameiorodhesha kuwa gugu hatari. Tunayoipima hapa ni ya pili. Inastahili pesa yake, ila si kwa maua yote yaliyomo.

Anza na lebo. Lebo nzuri hutaja kila spishi kwa jina la kisayansi, eneo mbegu zilikotoka, na kiwango cha mbegu safi zilizo hai. Kiwango hicho hupatikana kwa kuzidisha usafi na uhai: usafi wa asilimia 90 na uhai wa asilimia 70 hutoa asilimia 63, yaani katika gramu 100 ulizolipia, 63 ndizo za kutegemewa. Lebo inayogawa mchanganyiko kwa uzito peke yake isikubabaishe. Gramu moja ya Rudbeckia hirta ina mbegu zaidi ya 3,000, ilhali ya Asclepias tuberosa ina kama 150. Ukipewa uzito sawa wa hizo mbili, umenunua shamba la Rudbeckia lenye Asclepias za kutafuta kwa tochi.

Neno "mafupi" nalo lina mipaka ya kuvutwa. Ratibida pinnata huingizwa humo kwa sababu ni rahisi kuota, nayo hupita mita moja bila shida na kufunika kila kilicho chini yake. Kwa kitalu cha mita chache tu, nyasi zifaazo ni Bouteloua curtipendula, Schizachyrium scoparium na Sporobolus heterolepis. Ukiona Andropogon gerardii, nyasi ndefu, kwenye orodha, mchanganyiko huo si wa bustani ya nyumbani.

Maelekezo ya nyuma ya pakiti husema "mwaga na umwagilie". Hapo ndipo wengi huharibikiwa. Mbegu nyingi za prairi zimelala, na hazizinduki mpaka zipitie baridi pamoja na unyevu: siku 30 hivi kwa Asclepias tuberosa, 60 kwa Allium cernuum na Phlox pilosa. Njia nyepesi ni kupanda mwishoni mwa vuli, ardhi ikikaribia kuganda, ili majira ya baridi yafanye kazi hiyo. Ukikosa vuli, changanya mbegu na mchanga wenye unyevu, si wa kuchuruzika maji, uziweke kwenye mfuko ndani ya friji, nyuzi 1 hadi 4 za Selsiasi. Zikianza kuchipua mfukoni, zipande siku hiyo hiyo. Kupanda masika bila kuzipitisha kwenye baridi hivyo huzipa nyasi nafasi ya mbele, na maua mengi hungoja mwaka mwingine.

Kiasi cha kutosha ni mbegu 400 hadi 650 kwa mita moja ya mraba. Zitawanye pamoja na mchanga, kisha kanyagia ubao juu yake. Usizifukie: nyingi ni ndogo mno, na zikizama sentimita mbili hazirudi. Dalea purpurea ni jamii ya mikunde, hivyo mbegu zake zipakwe rizobia, bakteria wanaoisaidia mikunde kupata nitrojeni, muda mfupi kabla ya kupanda, kwa kuwa jua na ukavu huwaua. Mbolea usiweke kabisa. Nitrojeni hulisha magugu kwanza. Mwaka wa kwanza kata kila kitu kibaki sentimita 10 hadi 15 kila kinapofika 25. Inauma, lakini maua yenyewe wakati huo yanajenga mizizi, na yanayorefuka ni magugu.

Sasa zile zinazopamba picha ya pakiti: Pulsatilla patens, Geum triflorum, Viola pedata. Kutoka kwenye mbegu za kumwaga, hizi ni bahati nasibu. Mbegu za Pulsatilla hupoteza nguvu zikikaa kavu muda mrefu, na Viola pedata huoza kwenye udongo usiopitisha maji haraka. Sisyrinchium campestre huota, lakini majani yake ni kama nyasi, na mpaliliaji huing'oa akidhani gugu. Hizo nne zinunue zikiwa miche ya trei, uzipande kwa nafasi ya sentimita 25 hivi upande wa mbele wa kitalu, penye jua la saa sita au zaidi, na kila moja iwekewe kijiti cha alama. Miche ya vuli iingie ardhini angalau wiki sita kabla udongo haujaganda, la sivyo kuganda na kuyeyuka kutaisukuma juu na kuiacha mizizi wazi.