Pakeji ya kula na kulala Bagamoyo, au kujiendea mwenyewe? Maoni yangu

Nianze na jibu kabisa kwa wale wavivu wa kusoma: Bagamoyo lipia kulala na chai ya asubuhi tu, hiyo pakeji ya kila kitu humohumo ndani waachie watu wa semina na wenye watoto wadogo. Nimeenda kwa njia zote mbili, na familia kwenye hoteli ya ufukweni kwa pakeji (jina naliacha, tena za ule upande zinafanana sana), na kwa daladala na mashosti zangu tukalala gesti ya mjini. So haya nayosema nimeyalipia kwa hela yangu.

Pakeji yenyewe ilikua hivi. Chumba cha watu wawili, milo mitatu, maji, soda na bia za hapa nchini mpaka saa nne usiku, ukifika unafungwa kikaratasi mkononi kama umelazwa wodini. Bei laki tatu na ishirini kwa usiku mmoja. Chumba hichohicho ukichukua na chai tu ni laki mbili. Sasa tofauti ni 120,000, na hiyo ndo unalipia chakula cha mchana na cha usiku kwa watu wawili, maana yake kila sahani elfu 30. Sahani ya elfu 30, Bagamoyo, jamani!

Na hapo sijagusa ujanja wa saa. Kuingia chumbani saa nane mchana, kutoka saa nne asubuhi. Sie tulifika saa nane na nusu, foleni ya Tegeta ilikua imetushika na mama mkwe kachoka hata kuongea hataki, tunaenda dainingi tunakuta vyombo vya mchana ndo vinatolewa. Kesho yake unatakiwa uwe umekabidhi funguo saa nne, jikoni hata hawajabandika wali. Nikamuuliza dada wa mapokezi, mdogo wangu, mbona milo mitatu mi naiona miwili? Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, mlo wa mchana upo, ila nyie mtakua mshatoka." Nilicheka, maana kweli upo, nani kasema haupo. So ukilala usiku mmoja ile 120,000 yote ni ya chakula cha usiku tu, elfu 60 kwa kichwa, na hiyo chai ungeipata hata kwenye bei ya laki mbili. Pakeji inaanza kuleta maana kuanzia usiku wa pili, na hapo bado inategemea unakula nini.

Na unakula nini? Bufee ya semina. Walioajiriwa wataelewa naongelea nini. Hoteli nyingi za Bagamoyo katikati ya wiki zinaendeshwa na warsha na semina za maofisi ya Dar, watu wanapelekwa nje ya mji wasitoroke kikao, so jikoni wamezoea kupikia watu mia kwa mpigo kwa bajeti ya mtu aliyelipiwa na ofisi. Ijumaa semina ikiondoka nyie wa familia mnaingia mnakuta menyu ileile: pilau, wali mweupe, kuku wa mchuzi, nyama ya rosti, viazi, mboga ya kabichi na karoti, tikiti na papai. Kibaya hakuna, nisiwasingizie, pilau ilikua ya kueleweka na kuku alikua ameiva. Ila samaki niliona mara moja tu, vipande vidogo vya kuchuja kwa kijiko kwenye mchuzi wa nyanya, wakati ukisimama kwenye baraza unaona ngalawa zinaingia. Na nanasi hakuna kabisa! Wilaya ya Bagamoyo ndo yenye Kiwangwa, mananasi ya Kiwangwa yanapangwa barabarani mpaka yanauzwa Dar, halafu mie nakula tikiti.

Vinywaji navyo visome vizuri. "Vinywaji vimo" ilimaanisha soda, maji na bia za hapa. Juisi ya kusagwa haimo, dafu halimo, kahawa ya mashine haimo, mwanangu kaomba miksheki nikaletewa karatasi ya kusaini. Na wala sio ujanja wa Wabongo. Huu mtindo wa likizo ya kulipa bei moja wengi wanasema ulianzia mbali, kampuni ya likizo ya Club Med ya yule Mbelgiji Gérard Blitz mwaka 1950, kisiwa cha Mallorca kule Hispania, watu wakilala kwenye mahema, na baadae hata wao vinywaji vya baa vilikua pembeni, mteja alikua ananunua shanga anavaa shingoni anachomoa anamlipa mwenye baa. Kwahiyo tangu zamani kinywaji ndo mlango wa hela kutokea.

Haya sasa niseme mazuri, maana yapo na sio madogo. Nilikua na watoto na mama mkwe mwenye magoti. Kwa safari ya hivyo pakeji ni raha, basi tu. Watoto swimingi puli kuanzia asubuhi mpaka vidole vinakunjamana, wakihisi njaa chips zipo, hakuna kuulizana tule wapi, hakuna "baba naomba hela" kila baada ya dakika tano, baba watu kavaa kaptula anasoma gazeti kwa amani ambayo nyumbani haijui. Mama mkwe hakupanda ngazi, hakupanda bajaji, alikaa kwenye kiti cha makuti chini ya mnazi akaniambia "mwanangu mmenipumzisha", na mnajua ukisikia hilo kwa mama mkwe risiti yoyote unasahau. Umeme ukikatika jenereta inawaka hapohapo. Geti lina askari, gari iko ndani. Na hela unaijua kabla hujatoka nyumbani, kwa mtu anayejibana mwaka mzima hilo peke yake lina thamani. Mwenye watoto chini ya miaka mitano au anasafiri na mzee, chukua pakeji na usinisikilize mie zaidi ya hapa.

Wengine endeleeni.

Shida yangu kubwa na pakeji ya Bagamoyo ni kwamba inakuuzia bahari, na bahari sio ndo kitu kikubwa cha Bagamoyo. Zanzibar, Nungwi kule, mtu akijifungia hotelini wiki nzima namuelewa, mchanga mweupe, maji hata yakipwa hayaendi mbali sana, kilichompeleka kiko mlangoni. Bagamoyo mto Ruvu unamwaga bahari hapohapo kaskazini ya mji, kuna mikoko, kuna tope, masika maji yanakua ya kahawia. Na maji yakipwa yanapwa kweli, hasa bamvua, unatembea weee hadi unachoka kufuata bahari na yanakufika magotini. Kwahiyo kabla ya kubuku angalia mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama bamvua hiyo, maji yanajaa sana na kupwa sana, na ukanda wetu huu kwenye bamvua kupwa kunaangukia mida ya saa nne tano asubuhi, yaani muda uleule umeshapaka mafuta unataka kuogelea. Ukitaka maji yawepo asubuhi nenda wiki ya maji mafu, ambayo hayajai sana wala kupwa sana. Hotelini hili hawakuambii, wanakuonyesha picha ya maji yakiwa yamejaa.

Kitu cha Bagamoyo ni mji, na mji haumo kwenye pakeji.

Tulivyoenda na mashosti tulipanda daladala Makumbusho, nauli haifiki elfu tano, ni kama kilomita 70 hivi, ukipata siti ya dirishani ni safari nzuri tu ila ukisimama mpaka Bunju utajuta. Gesti mjini elfu 40, feni, chandarua, bafu ndani. Tukatupa mabegi tukaenda soko la samaki pale ufukweni karibu na Mji Mkongwe wa hapohapo Bagamoyo. Jamani pale! Mnada unaendeshwa kwa sauti, samaki wamemwagwa chini mchangani, changu, kibua, ngisi, pweza, mtu anapandisha bei mie nikawa hata sijui nani kashinda. Usinunue mnadani kama hujui, subiri aliyenunua fungu akuuzie wawili watatu. Tukampata mama mmoja mkaangaji, shikamoo mama, marahaba wanangu, akatuangalia samaki tuliowashika akasema "huyo amelala tangu jana, mrudishie" na kweli akatuchagulia wengine. Akawapara, akawakaanga, ugali, kachumbari, pilipili ya ndimu. Elfu 12 kwa kila mtu na tulishindwa kumaliza. Rudini kwenye ile elfu 30 ya kabichi na karoti mlinganishe wenyewe.

Kaole, kule kwenye magofu ya kale, vilevile. Hoteli ilikua inauza ziara ya Kaole kwa dola, 25 kwa kichwa (kwanini Mtanzania atajiwe dola kwenda kilomita tano, sijui). Sie tulikodi bajaji kwenda, atusubiri, kurudi, elfu 20 watu watatu. Kiingilio Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni so beba kitambulisho. Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo ndefu ambayo zamani yalipachikwa vibakuli vya Kichina, na vingine vimewekwa kwenye kijumba cha makumbusho hapohapo. Kuna mbuyu pia unaambiwa ukiuzunguka unaongeza umri, mmoja wetu kazunguka mpaka guide akamwambia dada inatosha.

Misheni ya Wakatoliki usiipite. Ilianza 1868, na mwili wa Livingstone ulifikishwa pale 1874 baada ya watumishi wake kina Chuma na Susi na wenzao kuubeba kutoka huko ndani Zambia ya leo, ukalazwa hapo kabla ya kuvushwa Zanzibar. Watoto wa shule wanakaririshwa hii kitu, ukisimama pale ndo unaelewa waliutembeza umbali gani. Pia kuna mbuyu uliofungwa mnyororo zamani, mti ukanenepa ukaumeza, kimebaki kipande kidogo kinachungulia. Wanangu wangeupenda huo kuliko puli lakini wakati wa pakeji hatukutoka getini, na hii ndo tabia ya pakeji, ukishalipia chakula cha mchana unaona uchungu kukosa, unakaa ndani ukikisubiri.

Sasa kujiendea nako kuna karaha zake, msije mkanilaumu. Gesti yetu maji yalikatika usiku tukaoga ya ndoo. Jirani kulikua na baa, muziki mpaka saa nane za usiku, lala kama unaweza. Maguide wa mtaani watakuganda, ukisema hapana anakuambia karibu nyumbani halafu anakufuata, muhimu bei mkubaliane kabla hamjapiga hatua. Ufukweni kule nje ya mji usitembee peke yako jioni na simu mkononi, wenyeji wenyewe watakuambia. Wiki ya tamasha la TaSUBa (kile chuo cha sanaa cha Bagamoyo) vyumba vinapotea, buku mapema au utajikuta unalala Mapinga. Na jua la mchana kwenye Mji Mkongwe halina huruma, kwa mtu mzee au mtoto wa kubeba sishauri kabisa. Na ukweli mwingine, kujiendea hela inatoka kidogokidogo, elfu mbili bajaji, elfu tatu madafu, elfu moja mihogo, ukirudi nyumbani hujui imeishia wapi. Ila hata kwa kuhesabu vibaya, kwa watu wawili kwa siku chakula na usafiri haukuvuka elfu 70, toa kwenye ile 120,000 uone inayobaki.

So nilichokuja kufanya mara ya mwisho na baba watoto ni katikati: hoteli ileile ya ufukweni, laki mbili na chai, puli asubuhi, saa sita bajaji mjini, jioni samaki sokoni, usiku kulala kwenye AC. Hiyo nawapa tano kwa tano. Pakeji kamili kwa watu wazima wawili wenye miguu yao, mbili kwa tano, na hizo mbili ni za wahudumu ambao walikua wazuri sana. Pakeji kwa familia yenye watoto wadogo na bibi, nne.

Kwa mnaobuku mwezi huu ulizeni haya kwa simu na muombe wawatumie kwa wasap: bei ni ya chumba au ya kichwa, kodi imo au inaongezwa mwisho, mtoto analipiwa kuanzia miaka mingapi, mlo wa kwanza ni upi na wa mwisho ni upi, vinywaji vipi vimo na mpaka saa ngapi. Wakitaja Hifadhi ya Taifa ya Saadani kwenye pakeji ulizeni tena, maana kiingilio cha hifadhi ni cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na mara nyingi kinakua pembeni. Na wa daladala, Jumapili ondokeni mapema, saa tisa hivi muwe mshapanda, ikifika jioni magari yote ya ufukweni yanarudi Dar kwa wakati mmoja na mtasimama Bunju mpaka Tegeta.