Ukaguzi au ofisi ya kampuni: mhasibu mpya aanzie wapi?

Kwenye kampuni ya ukaguzi hapa Tanzania utakagua vitabu vya hesabu vya kiwanda, hoteli na asasi ndani ya muda mfupi, na utajifunza haraka. Ila wateja wengi hufunga hesabu Desemba 31, kwa hiyo miezi ya mwanzo wa mwaka usingizi ni haba, na mitihani ya Mei ya NBAA (bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi) inakungoja hapohapo. Mzigo huo unawavunja moyo vijana wenye uwezo kabisa.

Ofisi ya kampuni ina ratiba inayojulikana: PAYE (kodi ya mishahara) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Jioni unasoma. Hatari ni kukwama kwenye risiti na malipo madogomadogo.

Mimi ningechagua ukaguzi, mradi mwajiri atoe likizo ya mitihani. Uliza kabla ya kusaini mkataba.