Mwenye kisu ni mimi, fundi!

Jina la hicho kibanda sitaji juu sitaki kesi, lakini ni huko Kamukunji wanapogonga masanduku na majiko kutwa. Rivyu yangu ni fupi: msiende. Sawa, si fupi, nimekasirika.

Kisu yenyewe ni kukri ya babu, ile panga fupi imepinda ya Wanepali. Babu alipigana akiwa KAR, lile jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku, huko Burma 1944 (Burma ya vita, si ile ya nyama pale Jogoo Road) akarudi nayo, alikuwa anasema Mgurkha mmoja, askari wa Nepal, alimpa wakabadilishana na sigara, kama ni kweli sijui, mzee alikuwa na stori. Ikakaa Mombasa kwa shangazi miaka yote bila neno. Nimeileta Nairobi, jua ya Januari ikaingia, mpini wake wa pembe ukaanza kusinyaa, pete ya shaba ikabaki imejitokeza inakwaruza mkono na hapo kando yake pakatokea kaufa ka kuingiza ukucha. Kwani pembe ni nini? Ni kitu moja na kucha na nywele, inakunywa unyevu na kuutoa, sasa ikizoea pwani halafu uilete huku karibu mita 1,800 juu, hewa kavu, lazima irudi ndani. Chuma hairudi. Shida ni hiyo tu, si ati ilitengenezwa vibaya.

Sasa nimefika, nimesalimia vizuri, fundi ananiangalia anauliza, "Mwenye kisu ako wapi?" Ni mimi. "Hapana madam, mwenye kisu. Mzee." Aki! Nikajikaza nikamweleza pole pole, usiichemshe, usiweke supaglu, jaza huo ufa na gundi ya Araldite uchanganye na unga wa pembe, hiyo shaba uipunguze na tupa halafu msasa mpaka ilingane na pembe, upake mafuta, basi. Huyo anaangalia juu ya kichwa changu kama anangoja matatu. "Nipe namba ya bwana yako tuongee." Bwana gani? Na hata ningekuwa naye, yeye anajua nini na mambo ya pembe? Wenzake wakacheka, mmoja akasema mwanamke na kisu kubwa hivyo atampata wapi bwana. Nikanyamaza tu juu kisu ilikuwa imeshaingia mikononi mwake na nusu ya pesa nishatuma.

Kurudi kuchukua, ameichemsha. Ati ilikuwa "ivutike". Pembe ukichemsha inalainika ndio, hivyo ndivyo watu huinyoosha wakitengeneza vitana na vijiko, lakini hii iko kwa chuma tayari, ikipoa ikauke inajikunja vile inataka yenyewe. Ule ufa wa ukucha sasa unaingiza shilingi, na supaglu imekauka juu yake nyeupe nyeupe kama makamasi. Namuuliza hii ni nini, ananijibu, "Kama hutaki kazi yangu peleka Nepal." Na bado anataka balansi!

Nilipiga kelele mpaka wauza masufuria wakaacha kugonga.

Sasa hapa ndio nachanganyikiwa. Kuna kijana anajifunza kazi hapo, alinifuata nje akaniambia anti niachie, mimi nitaishughulikia. Akakwangua ile supaglu yote, akaiacha pembe ikauke na kutulia kabisa kabla ya kuigusa (akaniambia ukijaza ikiwa bado na maji itasinyaa tena uanze upya, na ni kweli), akatafuta unga kwa wale wa Kibera wanaotengeneza bangili za pembe ya ng'ombe, akajaza, akapiga tupa shaba, msasa, mafuta. Jamani. Ukipitisha kidole husikii mahali chuma inaisha. Sijaona kazi safi hivyo, na nimeshapeleka vitu kwa mafundi hii Nairobi.

Kwa hivyo nikisema msiende ntakuwa namharibia kijana. Nendeni, lakini mumuulize yeye, na mkimkuta yule mkubwa peke yake mgeuke. Au msiende, juu unajua balansi ilichukuliwa na nani? Huyo huyo aliyechemsha, ati kibanda ni chake, kijana akapewa ya chai. Nilikuwa nimeweka nyota tatu, halafu nikafungua risiti vizuri nikaona ameandika "Bwana" mbele ya jina langu. Moja.